Pimamaji Juu ya Mgongo wa Mbwa

Daftari bado ninalo. Lina jalada la buluu, na katika ukurasa wa thelathini na moja kuna mchoro wa mbwa niliouchora mwenyewe, ingawa mtu asiyeambiwa angedhani ni meza. Nimeutilia mishale: hapa masikio, hapa kaakaa, hapa mgongo, hapa mkia. Mwisho wa kila mshale kuna alama. Kumi juu ya kumi, kumi juu ya kumi, hadi chini. Chini kabisa kuna sahihi tatu: ya mwenyekiti, ya mzee wa Pumwani, na yangu. Sahihi ya soja haimo, kwa sababu soja hakuwa kamati.

Nianze na pampu.

Korti yetu hapa mtaa wa Fedha, yaani kiwanja chetu chenye ukuta, ni nyumba kumi na sita, safu mbili zinazotazamana, lango moja la chuma na kibanda cha soja, mlinzi wetu, pembeni. Pampu ya kusukumia maji kwenye matangi ilikuwa nyuma ya nyumba ya mwisho. Asubuhi moja haikuwapo. Aliyeichukua alifungua nati zote nne akazipanga juu ya ukuta, moja moja, kama fundi anayetarajia kurudi. Tulibeba maji kwa ndoo wiki nzima, na watu wanaobeba maji kwa ndoo humtafuta wa kumlaumu kabla ya kuitafuta pampu.

Soja akaitwa mbele ya kamati. Alikuwa ametulindia lango miaka kumi na mmoja. Alijua ni mtoto yupi ana pumu na ni gari la nani halishiki breki.

"Wakubwa," alisema, kofia mkononi, "korti ina kona nne na mimi nina macho mawili. Nipeni mbwa."

"Utapewa," mwenyekiti akasema. "Lakini baada ya miezi mitatu tutakaa tena hapa. Tukiona mbwa hana faida, wewe na yeye mtatoka kwa lango moja."

Nikaandika hivyo hivyo. Mimi ndiye katibu. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya majalada ya baraza la mji, na nilipostaafu majirani wakanipa daftari kabla sijamaliza kusema hapana. Naandika kila kinachosemwa, na saa kilipotamkwa. Wengine hukerwa.

Jioni ile soja alikuja mlangoni kwangu. Hakutaka kuketi.

"Mama katibu, nakuomba mchague vizuri. Msichana wangu yuko kidato cha pili kule nyumbani. Kazi hii ikikatika, shule yake nayo imekatika."

Nilimwambia atulie, kamati ina uzoefu. Sikumwambia uzoefu wa nini.

Mwenyekiti alistaafu kutoka reli. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa: alipita kando ya treni iliyosimama, akigonga kila gurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama sufuria. Tangu astaafu amekuwa akigonga kila kitu, matikiti maji na kuta za nyumba za watu. Mzee wa Pumwani ni mfanyabiashara wa vitambaa aliyezaliwa Majengo, kule Pumwani, na alipohamia kwetu alikuja na sifa moja kubwa: hakuna anayemshinda kuchagua mbuzi wa Idi. Macho, meno, masikio, mwendo, hakuna kasoro inayompita. Alipoombwa kukagua mbwa alifikiri kidogo.

"Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake," akasema, "ila mate yake yabaki kwake. Nitakagua kwa macho na kwa fimbo. Mnyama ni mnyama."

Mbwa koko walikuwapo wengi, na wa bure. Mmoja alikuwa akilala kila siku mbele ya lango letu. Mwenyekiti hakutaka kusikia habari yake. "Koko hubwekea kila mtu," alisema. "Mbwa wa damu safi huchagua." Tukaafikiana kununua shepadi wa Kijerumani halisi. Nilisoma sifa zake kwenye simu, nikazipanga katika fomu ya mistari kumi na miwili. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba kitu kikishaingia kwenye fomu hakiwezi tena kukudanganya.

Mbwa alikuwa mtaa wa Kware, juu ya jengo la ghorofa saba. Mwenye mbwa ni msusi. Saluni yake iko chini kabisa na mbwa wake juu kabisa, kwenye paa la zege, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, kwa kuwa Kware hakuna mahali pengine pa kumweka. Majengo yamebanana hivi kwamba jirani akikaanga samaki, wewe unamalizia ugali wako kwa harufu.

"Niaje wazazi!" akatupokea, kichana kimechomekwa nyweleni. "Pandeni tu. Hapa lifti ni magoti yenu."

Tulipanda: mwenyekiti mbele akigonga kuta, mimi, soja, na mzee wa Pumwani nyuma kabisa. Kwenye ghorofa ya tano mzee akaketi kwenye ngazi akauliza kama mbwa hawezi kuja tukakutana nusu ya njia.

"Chini ni matope, mzee," msusi akasema. "Nimemwosha leo asubuhi, shampoo ya wateja. Maliza tu hizo mbili."

Paani tulimkuta amelala chini ya mashuka yaliyoanikwa. Alikuwa wa miezi saba, mweusi mgongoni, tumboni rangi ya chai ya maziwa. Mpangaji mmoja alikuja kuanua suruali zake. Mbwa akainua kichwa, akamnusa mkono, akalala tena. Niliandika hilo pia, bila kujua ni la nini.

Tulianza na karatasi. Msusi alitoa cheti cha ukoo kilichofunikwa kwa plastiki, chenye majina ya wazazi, mababu na mababu wa mababu. Mzee wa Pumwani alikisoma chote, midomo ikitikisika.

"Subhanallah," akasema. "Mbwa anamjua babu wa babu yake. Mimi upande wa mama naishia kwa nyanya."

Kisha mdomo. Msusi akaufungua kwa mikono miwili, na mwenyekiti akainama na tochi ya simu.

"Kaakaa jeusi!" akatangaza.

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba mbwa mwenye kaakaa jeusi ni mkali. Hakuna anayejua ni nani aliyelisema kwanza. Nikatia kumi.

"Usimfunge bado," mzee wa Pumwani akasema, akinyoosha fimbo kutoka mbali. "Yale meno mawili ya mbele, ameshabadili?"

"Ameshabadili yote."

"Basi anafaa kuchi..." Akakohoa. "Anafaa. Soja, mpapase hapo juu ya mkia. Unahisi mfupa au nyama?"

"Vyote viwili, mzee."

"Kilo kumi na tatu," mzee akaniambia niandike. "Bila kichwa na utumbo."

Msusi akamvuta mbwa kwake. "Ati bila kichwa? Kwani nyinyi mnaenda kulindwa ama mna sherehe?"

"Ni mazoea ya macho, binti yangu. Usinichukulie vibaya."

Masikio yalisimama wima, na msusi hakuficha namna yalivyosimama. Mbwa alipokuwa wa miezi minne sikio la kushoto lilikuwa likilala, naye akalitia rola ya nywele, ile ya waridi, kwa wiki tatu. Mwenyekiti alitaka kujua kama huo si udanganyifu. Msusi akamwambia kwamba kama rola ni udanganyifu, basi wanawake wa Kware na Fedha wote wafunguliwe kesi. Mwenyekiti akaniambia niandike kumi.

Kwenye miguu, mwenyekiti alipiga magoti. Aligonga kila mguu kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, akasubiri. Mbwa naye akainamisha sikio. Wakakaa hivyo muda mrefu, wote wawili wakisikiliza.

"Hamna ufa," mwenyekiti akasema.

Taabu ilikuwa mgongo. Shepadi wa aina ile mgongo wake huteremka kuelekea mkiani, na hilo lilikuwa kwenye fomu yangu, mstari wa saba. Lakini mwenyekiti aliuona ule mteremko kwa macho ya reli.

"Huyu ameketi nyuma. Springi zimechoka."

"Ndivyo walivyo, mzee. Ni mbegu yao."

"Behewa likiwa hivi haliondoki kituoni." Akafungua mkoba wake akatoa pimamaji, ile ya waashi, ya rangi ya manjano, akailaza juu ya mgongo wa mbwa. Mbwa hakutikisika. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande mmoja kikajibana pale.

"Unaona?"

Mzee wa Pumwani, ambaye alikuwa amesimama karibu na tangi, akauliza kama paa lenyewe limenyooka. Swali la maana. Mwenyekiti akaiweka pimamaji sakafuni: kiputo kikakimbilia kule kule, kwa kuwa paa limejengwa likiinama ili mvua ishuke. Ikabidi mbwa ageuzwe. Alipotazama upande wa pili, mteremko wake na mteremko wa paa vikafutana, na kiputo kikatulia katikati kabisa. Mwenyekiti alisimama akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena.

"Mbwa amenyooka," akasema. "Ni jengo lililopinda."

Nikaandika kumi kwa mgongo ulionyooka, kwenye mstari ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba mgongo unatakiwa uteremke. Nilijua nafanya nini. Jua lilikuwa kali na magoti yalikuwa yakiwaza ghorofa saba za kushuka.

Hapo soja akasema neno lake la pekee siku ile bila kuulizwa.

"Mama katibu, na tukimshusha chini kwanza, tumwone akikanyaga udongo?"

"Soja," mwenyekiti akasema, akifuta pimamaji, "wewe si kamati."

Niliandika yote mawili, swali na jibu, pamoja na saa. Halafu tukatia sahihi.

Soja alimbeba mbwa mabegani, kwa sababu msusi hakutaka miguu iliyooshwa iguse ngazi za jengo. Alishuka naye ghorofa zote saba, akamtia nyuma ya gari la mwenyekiti, na kwa hiyo mbwa alifika Fedha bila kukanyaga kitu. Majirani walikuwa wametoka kupokea. Soja akamweka chini kando ya kibanda, kwenye ule udongo wetu mweusi wenye nyasi mbili tatu.

Mbwa alisimama kama aliyewekwa juu ya kikaango. Aliinua mguu wa mbele wa kulia. Akautazama. Akainua na wa kushoto, na kwa kuwa haiwezekani kuinua yote miwili kwa muda mrefu, akaanguka kifudifudi. Udongo ulikuwa laini na ulikuwa ukimeza kucha, jambo ambalo zege halijawahi kumfanyia. Akapiga yowe. Kisha akaona ngazi.

Mwenyekiti aliwahi kutaka kuongeza ghorofa na hakuongeza, hivyo nyumba yake ina ngazi ya zege ya nje, vipandio kumi na tisa, inayoishia paani tu. Mbwa aliruka mara tatu juu ya ardhi kama anayevuka moto, akapanda vipandio vyote kumi na tisa, akafika kwenye tangi na kamba za nguo, akalala chini ya shuka la mke wa mwenyekiti, akashusha pumzi. Alikuwa amefika nyumbani.

"Atashuka akisikia njaa," mwenyekiti akasema.

Hakushuka. Chakula kilimfuata juu. Soja ndiye aliyekibeba, asubuhi na jioni, pamoja na maji. Korti ikawa na mlinzi chini anayemhudumia mlinzi wa juu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema mbwa hakufanya kazi. Alifanya ile aliyoijua. Kule Kware, nguo zikiachwa paani bila wa kuzitazama hupotea, na msusi alimlea kwa jambo hilo: aliyeanika nguo ndiye anayezianua, wengine hapana. Kwa hiyo tulikuwa na kamba za nguo zilizolindwa kuliko benki, katika korti ambayo kambani hapajawahi kuibwa hata soksi.

Jumapili moja mwenyekiti alichelewa kanisani. Suruali yake nyeusi ilikuwa kwenye kamba na mke wake alikuwa ametangulia. Akapanda kuichukua mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye hajaanika nguo maishani mwake. Mbwa alimnusa mkono, hakukuta harufu ya sabuni ya kufulia, akamkunjulia lile kaakaa jeusi tulilolipa kumi.

"Soja!" ilisikika korti nzima. "Soja, njoo umwambie ni yangu!"

Soja akapanda mbio. Tulipotoka nje, mwenyekiti alikuwa amesimama juu na shati jeupe, tai, na kaptura ya kulalia, mikono juu, mguu mmoja wa suruali ukiwa mdomoni mwa mbwa. Mzee wa Pumwani alitazama kutoka kibarazani kwake kwa makini ya kitaalamu.

"Meno ni mazuri," akasema. "Hilo hatukukosea."

Mwenyekiti hakwenda kanisani siku ile. Na nilijua kuwa mtu aliyeaibika hivyo atatafuta pa kuipeleka aibu yake.

Miezi mitatu ikatimia. Tulikutana kwenye sebule yangu. Soja alisimama karibu na mlango, kofia mkononi tena.

Mwenyekiti aliieleza hoja yake kwa utaratibu. Mbwa alikaguliwa. Mbwa alipata mia moja na ishirini juu ya mia moja na ishirini. Sahihi zipo. Basi mbwa hana kosa. Na kama mbwa hana kosa na lango halina mbwa, kosa ni la yule aliyepewa mbwa. "Ameshindwa kumshusha," akasema. "Tulisema watatoka kwa lango moja. Mbwa ana cheti. Atoke soja."

Watu walitikisa vichwa polepole, namna wanavyotikisa wakitaka kikao kiishe. Soja alikuwa ananitazama mimi, si usoni, bali mikononi, pale lilipokuwa daftari.

Nikaomba kusoma kumbukumbu. Katibu ana haki hiyo. Nikafungua ukurasa wa thelathini na mbili nikasoma kwa sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini, isiyo na rangi yoyote.

"Saa tano na dakika ishirini. Soja: Na tukimshusha chini kwanza, tumwone akikanyaga udongo? Mwenyekiti: Soja, wewe si kamati."

Mwenyekiti akagonga mkono wa kiti chake, mara moja, kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa ukifuta pimamaji, mzee."

Mzee wa Pumwani akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani. "Wallahi, mbuzi sijawahi kumnunua bila kumwona akitembea kwenye vumbi la soko. Huyu tulimkagua kama picha ya ukutani. Mwenyekiti, mwache kijana wa watu." Soja ana miaka hamsini na mitatu, lakini neno lilieleweka.

Mwenyekiti aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama neno hilo linaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Nikamwambia haliwezi, ila linaweza kuongezewa lingine. Akafikiri, kisha akalisema, nami nikaliandika: kwamba ukaguzi ulikuwa na upungufu, kwamba upungufu ni wa kamati, na kwamba soja anaendelea na kazi, pamoja na kazi ya nyongeza ya kumshusha mbwa. Kabla hatujafunga alipendekeza pampu mpya ifungwe paani, karibu na mbwa. Fundi tulipompigia simu alicheka hadi simu ikakatika. Tumeijengea kizimba cha vyuma pale pale chini.

Soja anamshusha mbwa kwa njia aliyoibuni mwenyewe. Alichota udongo kwenye karai, akaupeleka paani, mbwa akaunusa siku nne kabla ya kuweka mguu ndani. Sasa karai hushuka kipandio kimoja, likakaa siku kadhaa, mbwa akalifuata. Mvua ikinyesha udongo ukawa tope, hurudi juu vipandio vitatu. Asubuhi, kwenye kitabu cha wageni pale langoni, juu ya majina ya wageni wote, soja huandika mahali mbwa alipo. Leo imeandikwa: Mbwa, kipandio cha nne kutoka chini, ameketi. Msichana wake yuko kidato cha tatu.

Juzi nilimpelekea daftari kibandani, nikafungua kwenye ule mchoro wa meza. Nilikuwa nimechora mshale mpya chini ya miguu na kuandika mstari wa kumi na tatu: udongo. Nikamwomba atie alama na sahihi yake.

Aliishika kalamu akatazama ngazi kwa muda. Hakutia kumi. Alitia mbili.

"Tungoje mvua iishe, mama katibu," akasema, akatia sahihi.